Chenso ya kuni yenye nguvu zaidi kwa pesa kidogo: 5800, MS 250 au mtumba wa cc 70?

Chenso ndogo yenye injini ya ukubwa wa cc 30, mfano wa Stihl MS 170 au MS 180, inakata matawi ya mwarobaini na mkeshia bila taabu. Ikikutana na gogo la mvinje lililokauka, au mkwaju, au shina la mwembe mkongwe lenye upana wa futi mbili, mambo yanabadilika: resi inashuka, cheni inasimama ndani ya mti, klachi inanuka kuungua. Hapo ndipo mwenye mashine anapoingia dukani Ngamiani, Tanga mjini, kuulizia "kubwa zaidi", na muuzaji anamtolea boksi lenye tarakimu 5800 au 6200 ubavuni na bamba, kile chuma ambacho cheni inazungukia, refu la inchi 22.

Tathmini hii ni ya mtu huyo. Anakata kuni za kuwauzia wakaanga samaki wa soko la Deep Sea, wenye bekari na wapishi wa shughuli. Ana fedha ya mashine moja tu, na akikosea hana ya pili.

Uamuzi tunautoa mapema. Kwa kuni ambazo gogo lake halizidi sentimita 45 kwa upana, injini ya cc 45 hadi 55 yenye bamba la inchi 16 au 18 inatosha kabisa. Kama fedha inafika, Stihl MS 250 ya asili ndiyo chaguo la kwanza. Kama haifiki, 5800 ya Kichina inafaa, kwa sharti kwamba unaikagua na kuifunga upya kabla ya kuipeleka porini. Mtumba wa cc 65 hadi 72 ni wa anayekata kila siku na anayejua kukagua injini. Nakala za MS 070, ile Stihl kubwa ya magogo ya mbao, kwa kazi ya kuni hatuzipendekezi hata zikiuzwa kwa bei ya kutupa.

Hakikisha kwanza tatizo ni injini

Sehemu kubwa ya mashine zinazolaumiwa kuwa "hazina nguvu" zina cheni butu tu. Angalia kinachotoka kwenye mti. Cheni yenye makali inatoa vipande vinavyofanana na nazi iliyokunwa kwa mbuzi yenye meno makubwa. Cheni butu inatoa unga kama sembe. Ukilazimika kukandamiza mashine ili iingie, makali yamekwisha. Ukiona mkato unapinda upande mmoja, meno ya upande huo ni marefu au makali kuliko ya upande wa pili, na hakuna injini itakayonyoosha mkato huo.

Tupa lazima ilingane na cheni. Cheni nyembamba ya 3/8 (saizi ya umbali wa viungo, kwa inchi) iliyo kwenye MS 170 na MS 180 inanolewa kwa tupa ya mviringo ya 4.0 mm. Cheni ya .325, ambayo ndiyo iliyozoeleka kwenye mashine za cc 45 hadi 58, inataka 4.8 mm. Cheni nene ya 3/8 ya mashine kubwa ni 5.2 mm, na .404 ni 5.5 mm. Fundi anayetumia tupa moja kwa cheni zote anaharibu meno: tupa nene mno haifiki chini ya jino, tupa nyembamba mno inachimba shimo na kuacha ncha dhaifu inayovunjika kwenye mti wa kwanza mgumu. Shika tupa kwa pembe ya digrii 30, sukuma kutoka ndani kwenda nje tu, na hesabu: kama jino la kwanza limepigwa mara tatu, yote yapigwe mara tatu. Jino fupi kuliko yote ndilo kipimo. Mengine yashushwe yalingane nalo.

Kisha kuna kile kinundu kilicho mbele ya kila jino. Wengi wanakisahau. Kazi yake ni kuamua jino lile mti kwa kina gani, na kinatakiwa kiwe chini ya ncha ya jino kwa takriban 0.65 mm. Jino likinolewa mara nyingi linashuka, kinundu kinabaki juu, na cheni yenye makali mazuri inateleza juu ya mti bila kula. Kila baada ya kunoa mara nne au tano weka kipimo, piga kinundu kwa tupa bapa, kisha uviringe ukingo wake wa mbele. Usikishushe kupita kiasi kwa tamaa ya kasi. Cheni itang'ata kwa nguvu, mashine itarukaruka mkononi, na klachi itaisha kabla ya wakati wake.

Cheni ikiwa sawa na mashine bado inazimika, fungua eksozi. Ndani ya nyingi kuna wavu mdogo wa kuzuia cheche. Oili ikizidi kwenye mchanganyiko au ikiwa mbovu, wavu unaziba kwa masizi na injini inakosa pumzi. Uchome kwa moto hadi masizi yaungue, usugue kwa brashi ya waya, rudisha. Safisha na chujio la hewa kwa maji ya sabuni ya uvuguvugu, likauke kabisa. Zungusha cheni kwa mkono mashine ikiwa imezimwa na breki imeachiwa. Ikikaza, bamba limepinda au mfereji wake umebanwa. Yote haya ni kazi ya nusu siku, na huenda ile MS 180 ikarudi kuwa mashine. Lakini ina kilowati 1.5 tu, mvinje wa sentimita 40 utaendelea kuishinda. Sasa unaweza kwenda dukani.

Cc za boksi na cc za kweli

Namba 4500, 5200, 5800 na 6200 kwenye mashine za Kichina zinasomwa kama cc 45, 52, 58 na 62. Mashine hizi kimsingi ni familia moja, zimetokana na umbo la chenso za Zenoah za Japani, na ndiyo maana spea zake nyingi zinaingiliana. Tatizo ni kwamba namba ya kwenye kava mara nyingi ni kubwa kuliko injini iliyo ndani.

Hesabu ni rahisi kwa mwenye kalipa, kile kipimo cha kupimia kipenyo kwa milimita. Ukubwa wa injini ni nusu kipenyo cha silinda, mara yenyewe, mara 3.14, mara mwendo wa pistoni. Silinda ya 45.2 mm yenye mwendo wa 34 mm inatoa cc 54.6, hata kama kava linasema 58. Ili kufikisha cc 58 kwa mwendo huohuo, silinda inatakiwa ifike karibu 46.6 mm. Mwendo unaupima kupitia tundu la plagi: ingiza kijiti chembamba cha mbao kilichonyooka, zungusha injini polepole, weka alama pistoni ikiwa juu kabisa na ikiwa chini kabisa. Kwa sababu tundu la plagi huenda limekaa kwa mshazari, kipimo hiki ni cha makadirio. Kipenyo kinahitaji silinda ifunguliwe, kwa hiyo dukani mwombe muuzaji akuonyeshe pistoni ya spea ya mashine hiyo na uipime hiyo.

Kwa nini ujisumbue? Kwa sababu tofauti ya bei kati ya "5200" na "6200" huenda ikawa ni stika tu. Chukua ile yenye spea nyingi mezani. Kwa Tanga, 5800 ndiyo inayopatikana kirahisi, na kinachokosekana kinaagizwa Kariakoo, kinapakiwa kwenye basi na kuteremka stendi ya Kange.

5800 ya Kichina: inafaa, lakini haiko tayari

Uzuri wake ni kwamba inawaka kirahisi, ina nguvu karibu mara mbili ya chenso ya cc 30, tangi la mafuta la mililita 550 na la oili la mililita 260, na karibu kila kipande chake kinauzwa peke yake, kuanzia kabureta hadi silinda na pistoni. Kwa gogo la sentimita 30 hadi 40 la mwembe au mjohoro inafanya kazi ya heshima.

Ubaya wake upo kwenye ufungaji na vipande vidogo. Usiiwashe siku ya kununua. Fungua kava, kisha pita boliti moja moja: za silinda, za eksozi, za kabureta, za mkono wa mbele. Boliti za eksozi ndizo hulegea mapema. Zitoe, paka gundi ya kushikia nyuzi za boliti inayostahimili joto, kaza upya mashine ikiwa baridi, halafu kaza tena baada ya tangi la kwanza. Eksozi iliyolegea inavuja moto kwenye plastiki na kuunguza kava.

Tazama ile shingo ya mpira inayounganisha kabureta na silinda. Hapo ndipo 5800 nyingi zinapokufa. Mpira ukipasuka au kibano chake kikiwa legelege, injini inavuta hewa isiyopitia kabureta, mchanganyiko unakuwa mkavu, pistoni inapata joto na kukwaruza silinda. Dalili yake ni resi kupanda yenyewe au kuchelewa kushuka unapoachia mkono, au kubadilika ukiilaza mashine ubavu. Ukiona hivyo zima, usimalizie gogo. Shingo ya mpira ni spea ya bei ndogo; nunua ya ziada siku ileile uliyonunua mashine.

Mipira ya mafuta na lile puto la kuvutia mafuta hukauka na kupasuka, hasa mashine ikikaa na petroli ndani. Plagi ya kiwandani itoe, weka NGK BPMR7A ya kweli yenye nafasi ya 0.5 mm. Gia ya pampu ya oili ya cheni ni nyembamba na ikila meno, cheni itakauka bila wewe kujua. Ipime hivi: washa, elekeza ncha ya bamba kwenye boksi jeupe au gome jeupe kwa umbali wa kiganja, vuta resi ya nusu. Baada ya sekunde chache uone mstari wa matone. Usipouona, fungua bamba, zibua kitundu cha oili kwa waya na usafishe mfereji kabla ya kulaumu pampu. Kwa mnazi wa Pangani na Mkinga uliojaa unga na nyuzi, kitundu hicho kinaziba mara kwa mara.

Cheni inayokuja na boksi itumie kujifunzia kunoa. Chuma chake ni laini. Kwenye mti mgumu inapoteza makali upesi na inarefuka mpaka meno ya chini yanatoka kwenye mfereji wa bamba.

Matangi matatu ya kwanza usiipige resi ya juu ikiwa haikati. Kata magogo mepesi, ipumzishe. Kabureta ina skrubu mbili, H ya resi ya juu na L ya resi ya chini. Ukifungua H kinyume cha saa unaongeza mafuta. Mlio unaotakiwa resi ikiwa juu bila kukata ni wa kukohoakohoa kidogo. Ikiingia kwenye mti mlio unakuwa safi. Ikilia kwa ukali mwembamba kama nyuki hata nje ya mti, mafuta ni machache na pistoni iko hatarini. Heri mashine yenye moshi kidogo kuliko mashine yenye mlio mtamu kwa wiki moja.

MS 250 ya asili

Karatasini inaonekana ndogo kuliko 5800: cc 45.4, kilowati 2.3, uzito kilo 4.6 bila bamba na cheni. Kazini inaipita kwa kuwa nguvu iliyoandikwa ndiyo iliyopo, inashika resi ndani ya mti, na haimchoshi mkataji mkono kufikia saa nane mchana. Ukitumia oili ya Stihl yenyewe inakunywa mchanganyiko wa 1:50, yaani mililita 20 kwa lita, na hiyo inapunguza gharama ya kila siku. Mpaka wake ni bamba la inchi 18. Ukiifunga inchi 20 na kuizamisha yote kwenye mvinje, utaisikia inahema.

Hatari kubwa ya MS 250, sawa na ilivyo kwa MS 381 na MS 070, ni bandia. Stihl huuza kupitia mawakala wake, na mashine yake ina namba ya mfululizo ya tarakimu tisa iliyogongwa kwenye mwili. Stika peke yake haitoshi, kwa kuwa stika inachapishwa popote. Cheni nayo inasema. Kwenye cheni ya Stihl kuna alama zilizogongwa kwenye chuma: tarakimu ya jino la chini ni unene (3 ni 1.3 mm, 6 ni 1.6 mm), na jino la kukatia lina alama ya saizi. Kava lenye kingo za kukwaruza vidole, herufi za jina zilizopinda, rangi ya chungwa inayoacha unga ukiisugua kwa kitambaa chenye petroli: rudisha mezani. Bandia si lazima iwe mashine isiyowaka. Ni mashine ya daraja la 5800 uliyolipia bei isiyo yake, na spea za asili hazitaikaa vizuri.

Mtumba wa cc 65 hadi 72

Hapa ndipo penye nguvu ya kweli kwa fedha ya wastani. Husqvarna 365 ya zamani ina cc 65.1 na kilowati 3.4. Husqvarna 272 XP ni cc 72.2 na kilowati 3.6. Stihl MS 382 ni cc 72.2, kilowati 3.9, kilo 6.2. Hizi zinavuta bamba la inchi 20 au 24 bila kulalamika, na mafundi waliozoea mashine za mbao upande wa Muheza na Korogwe wanazijua ndani na nje. Ni hukohuko mitumba hupatikana, kwa wapasua mbao wanaobadilisha mashine.

Lakini mashine iliyopasua mbao imefanya kazi ngumu kuliko zote. Ikague hivi, na muuzaji akikataa hata hatua moja, ondoka.

Iombe ikiwa baridi. Mashine iliyopashwa moto kabla hujafika inaficha ugumu wa kuwaka. Zima swichi, inyanyue kwa kushika mpini wa kamba ya kuwashia tu. Ikishuka kwa kusitasita, inakwama na kuteremka kidogo kidogo, kompresheni ipo. Ikiteleza chini moja kwa moja, ringi au silinda imechoka. Mwenye geji aitumie: usomaji wa karibu psi 150 ni mzuri, chini ya 120 ni wa kujadili bei, chini ya 100 ni wa kununulia spea tu.

Fungua boliti za eksozi, itoe, chungulia pistoni kwa tochi ya simu. Upande huo ndio hupata joto zaidi. Pistoni yenye rangi ya kahawia na mistari hafifu ya mashine ya kiwandani ni nzima. Mikwaruzo ya wima inayong'aa, ambayo ukucha unaikamata, maana yake iliwahi kuendeshwa bila oili ya kutosha au ikiwa inavuta hewa. Halafu toa kava la kamba, shika gurudumu la sumaku na ulitikise juu na chini. Likicheza, beringi za krenki zimekwisha, na kuzibadilisha kunahitaji kupasua injini nzima.

Washa. Ikiwa imetulia, cheni isizunguke. Ikizunguka resi ikiwa chini ya kawaida, springi za klachi zimelegea. Ilaze kushoto, ilaze kulia. Mlio ukibadilika, sili za krenki zinavuja. Mwisho jaribu breki ya cheni resi ikiwa juu kidogo: isimamishe papo hapo. Mashine isiyo na breki si ya kujadiliwa bei, ni ya kutengenezwa breki kwanza.

Ukiona gia ya cheni imechimbwa mfereji wa kina cha 0.5 mm au zaidi, ipige bei. Gia iliyokwisha inakula cheni mpya. Kanuni inayofaa ni gia moja kwa cheni mbili. Ukitaka kuifungua klachi mwenyewe, kumbuka uzi wake ni wa kinyume: inafunguka kwa kuzungusha mwelekeo wa saa. Wengi wamevunja krenki kwa kukaza walichodhani wanafungua.

Kuhusu MS 070, injini yake ya karibu cc 106 na kilowati 4.8 ilitengenezwa kwa magogo ya mbao. Inazidi kilo 10 kabla hujafunga bamba. Kwa kuni, ambapo unanyanyua na kushusha mashine mamia ya mara kwa siku, ni adhabu ya mgongo na petroli. Nakala zake zina ubaya huohuo bila ule uimara.

Bamba fupi, cheni sahihi

Kama kuna ushauri mmoja wa kumpunguzia mtu gharama, ni kukataa bamba la inchi 22 linalokuja na 5800. Bamba refu lina meno mengi ya kuvuta, msuguano mkubwa, na pampu dogo halifikishi oili hadi ncha. Fupisha hadi inchi 18 na mashine ileile itajisikia kama imeongezwa cc tano. Gogo la sentimita 60 bado utalikata kwa kuingia pande mbili.

Unapobadilisha, saizi tatu lazima zikubaliane kati ya cheni, bamba na gia: umbali wa viungo, unene wa meno ya chini, na idadi ya meno hayo. Bamba la inchi 18 la mashine za Kichina kwa kawaida linachukua .325, unene 1.5 mm, meno 72. La inchi 20 ni meno 76. Stihl hutumia 1.6 mm kwa wingi. Cheni ya 1.5 kwenye bamba la 1.6 inayumba na kukata kwa kupinda, na ya 1.6 kwenye bamba la 1.5 haiingii. Usinunue kwa kukadiria urefu kwa mkono. Hesabu meno ya chini.

Chagua cheni yenye jino la pembe ya mviringo. Ile ya pembe kali inakata haraka kwenye mti safi, lakini kuni za pwani si safi. Mti uliolala ufukweni au uliovutwa kwenye vumbi una mchanga ndani ya gome, na mnazi peke yake unatosha kuua makali, kwa kuwa ganda lake la nje ni gumu sana na lina madini ya mchanga ndani ya nyuzi zake. Pembe ya mviringo inavumilia zaidi. Toa gome kwa panga mahali utakapokata, inua gogo juu ya magogo mawili madogo, na kamwe ncha isiguse ardhi. Sekunde moja ya mchanga inafuta kazi yote ya tupa.

Mvutano wa cheni: ivute kwa vidole katikati ya bamba, ikae imegusa chini ukiiachia na izunguke kwa mkono bila kukwama. Kaza huku umeinua ncha ya bamba. Baada ya kazi ilegeze, kwa maana cheni ya moto ikipoa inajikaza na kuvuta krenki. Kila ukibadilisha cheni, geuza bamba juu chini ili liishe sawasawa.

Mafuta ya injini na ya cheni

Kwa 5800, changanya 1:25, mililita 40 za oili ya tustroki kwa kila lita ya petroli. Lita tano zinachukua mililita 200. Tafuta chupa yenye alama ya JASO FC au FD. Oili ya kawaida ya gari haiungui ndani ya injini hii, inajaza masizi. Changanya ya siku chache tu, kwenye dumu safi, kwa petroli ya kituoni. Ile ya chupa za barabarani huenda imechanganywa mafuta ya taa, nayo hupunguza ulainishaji. Mashine ikikaa zaidi ya mwezi, mwaga mafuta, iwashe hadi ijizime yenyewe, la sivyo utando wa kabureta utakauka na msimu ujao utaanza na fundi.

Kwa cheni, oili chafu ya gereji ni ya bure lakini ina unga wa chuma unaokwangua pampu na bamba, na si ya kurushiwa ngozini kila siku. Oili mpya ya SAE 40 ya bei ya chini inatosha kwa joto la Tanga. Tangi moja la mafuta liende pamoja na karibu tangi zima la oili. Oili ikibaki nyingi, kuna mahali pameziba. Hewa ya chumvi ya Raskazoni au Mwambani inaotesha kutu kwenye cheni ndani ya usiku mmoja. Iache imelowa oili.

Anayekata nyumbani karibu na soketi afikirie pia chenso ya umeme ya wati 2,000. Haihitaji kuchanganya mafuta wala kabureta, na kwa saa nzima ya kukata mfululizo inakula takriban yuniti mbili za Luku. Inahitaji waya wa kurefushia wa 2.5 mm² usiozidi mita 25. Waya mwembamba unashusha umeme na kuchoma mota. Porini haifai.

Kugawa fedha

Igawe fedha mafungu kumi. Saba yaende kwenye mashine. Mawili yaende kwenye cheni mbili nzuri, tupa tatu na kipimo cha kinundu, plagi, shingo ya mpira na gia. Fungu la mwisho ni la miwani au kofia yenye wavu, kinga ya masikio, glavu na viatu vigumu. Anayetumia mafungu yote kumi kwenye mashine atakata wiki mbili, kisha atabaki na chuma chenye cheni butu. Fungu la kinga ndilo huliwa kwanza na watu wengi, na chenso ikiruka kutoka kwenye ncha ya bamba inaelekea usoni na begani. Usikate kwa robo ya juu ya ncha, shika kwa mikono miwili, gumba limezunguka mpini wa mbele.

Kabla ya tangi la kwanza, pita ofisi ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania) ya wilaya yako, uulizie usajili wa mashine, kibali cha kuvuna na hati ya kusafirishia. Miti ya shambani kwako nayo iulizie, kwa sababu mzigo unakaguliwa barabarani na si shambani. Mikoko usiiguse. Beba risiti ya mashine pamoja na karatasi hizo kwenye mfuko wa nailoni, ndani ya boksi lenye tupa.